Mgeni Ana Mlango Wake: Tujifunze Kutoka Kilwa Kisiwani

Bismillahir Rahmanir Rahim



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tungependa mwaka huu tuzungumze juu ya jambo linalozidi kuigusa miji na visiwa vyetu, nalo ni wageni wanaokuja kuangalia tunavyoishi.

Kwa miaka mingi watalii wanaokuja Afrika Mashariki wamekuwa na njia zao zinazojulikana: Serengeti, Maasai Mara, Mlima Kilimanjaro, na fukwe za Unguja na Mombasa. Siku hizi wapo wanaosema kwamba huko wameshakwenda, au kumejaa watu, na sasa wanatafuta mahali pasipotajwa sana, wakae karibu na wenyeji, wale chakula chao na waone mila zao. Basi tuitazame ramani ya pwani yetu: Pate na Siyu, Kilwa na Songo Mnara, Mikindani, Pemba, na visiwa vya Ngazidja. Sehemu hizo ndizo hizo wanazozitafuta, na wanaoishi humo ni Waislamu, jamaa zetu, wenye misikiti yao, vyuo vyao na makaburi ya wazee wao.

Katika mabaraza tunasikia kauli mbili. Wa kwanza wanasema: wageni hawa wanakuja na tabia zao, watatuharibia watoto, afadhali mlango ufungwe. Wa pili wanasema: umaskini umetuzidi, mgeni ana pesa, basi aonyeshwe kila anachotaka kukiona. Kila upande una hoja yake. Hofu ya mzazi si upuuzi, na njaa ya mvuvi aliyerudi na ngalawa tupu si upuuzi pia.

Lakini sisi tunaona kwamba kauli zote mbili zimesahau jambo moja. Pwani hii haikuanza kupokea wageni jana. Wazee wetu walikuwa na elimu ya kumpokea mgeni, na elimu hiyo ilikuwa na kanuni: mgeni apewe mlango wake, na mwenye nyumba ndiye aamuaye mgeni aishie wapi. Tukiipoteza elimu hii tutabaki na mawili tu, ama uchoyo ama kujiuza. Na hayo yote si mila yetu, wala si mafundisho ya dini yetu.

Mji uliojua wageni

Tuchukue mfano wa Kilwa Kisiwani. Kisiwa hiki kiko katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, ng'ambo ya mji wa Kilwa Masoko. Leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima kati ya minazi na magofu. Lakini katika karne ya 13 na ya 14 Kilwa ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara katika Bahari ya Hindi. Dhahabu ya Sofala ilipita hapo, na pembe za ndovu, na nguo na vyombo vya kaure kutoka Uchina. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba zenye majina yao, na mwaka 1944 baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mbali mno, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia.

Mwaka 1331 alifika Kilwa mwanachuoni msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja huko Moroko. Aliyoyaandika juu ya pwani yetu ni machache, lakini kila mwanafunzi wa madrasa angepaswa kuyajua. Alipopita Makdishu aliona kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa vyombo vidogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hukaa nyumbani kwa mwenyeji wake na hufanya biashara yake kwa kupitia kwake. Yeye Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, aliambiwa kwamba desturi ya mji ni mwanachuoni kwenda kwanza kumwamkia mtawala.

Alipofika Mombasa aliona watu wa dini, na misikiti yenye maji mlangoni. Mtu akitaka kuingia huosha miguu yake, huifuta kwenye mkeka mzito uliowekwa hapo, ndipo aingie.

Tuyaangalie mambo haya kwa makini. Mgeni hakuachwa azurure peke yake, wala hakukimbiliwa na kundi la watu wanaomvuta huku na huku. Alikuwa na mwenyeji mmoja anayejulikana, anayemlisha, anayemlinda na anayeulizwa juu yake. Na mgeni naye alikuwa na la kufanya: kwenda kwa aliyestahili kuamkiwa, kuosha miguu, kufuata taratibu za mji. Hiyo ndiyo mila. Ukarimu ulikuwa na mpango wake.

Mgeni ni kalamu

Sultani aliyekuwepo Kilwa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa wingi wa kutoa kwake. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, alimkuta fakiri kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia ndani, akabadili nguo, akampa zile alizoombwa. Kisha Ibn Battuta anasimulia kwamba sultani huyo alipofariki alimrithi ndugu yake, Daud, naye alikuwa kinyume chake. Aliyekuja kuomba aliambiwa kwamba mtoaji amekufa wala hakuacha kitu cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, na mwisho wakapewa kidogo tu, mpaka wakaacha kuja.

Ndugu msomaji, karibu miaka 700 imepita. Kuta za Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, zimebomoka. Lakini sifa ya ndugu wawili hawa, mmoja kwa ukarimu na mwingine kwa uchoyo, bado inasomwa dunia nzima kwa sababu mgeni mmoja aliandika. Kila mgeni anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko leo ana simu mfukoni, na kabla jua halijazama ameshaandika alivyopokewa. Basi tusidhani kwamba adabu zetu ni jambo dogo.

Wageni wasiobisha hodi

Hata hivyo Kilwa inatufundisha upande wa pili pia. Mwaka 1502 alifika Vasco da Gama na merikebu za vita, akamlazimisha mtawala wa mji alipe kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, akauteka mji, askari wake wakaupora, na ngome ikajengwa ufukweni. Wareno waliiacha ngome hiyo mwaka 1512, lakini mji ulikuwa umeshaumia. Gereza linaloonekana leo lilijengwa upya mahali hapo na Waarabu wa Omani.

Linganisha na masimulizi ya wenyeji juu ya kuanzishwa kwa usultani wa Kilwa. Wanasimulia kwamba Ali bin Hasan, aliyetoka Shirazi, alikitaka kisiwa, akapatana na mwenyewe, na bei ilikuwa nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Wataalamu wa historia wanajadiliana mengi kuhusu habari hii. Lakini hata kama ni masimulizi tu, inatuonyesha wazee waliliona jambo gani kuwa la haki: anayekuja kwa watu huanza kwa mapatano na huheshimu mwenye pake.

Kwa hiyo si kila anayefika ni mgeni. Mgeni ni yule anayebisha hodi. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumefundishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kwamba haimfalii mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Dini imempa mgeni haki, na imempa mwenyeji haki. Wazee wetu nao wakasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji apone, si mwenyeji aumie.

Baraza na ndani

Elimu hii wazee hawakuiacha midomoni tu, waliijenga kwa mawe na chokaa. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ina baraza nje, ambapo kila mtu hukaa, anayejulikana na asiyejulikana. Kisha kuna daka mlangoni. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate kuna hata sabule, chumba cha mgeni, ambacho mgeni hukifikia bila kupita walipo watu wa nyumbani. Mbele zaidi ndiko ndani, kwa wenyewe. Huko Songo Mnara, mji wa mawe uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, ukiingia nyumba utakuta ua wa mbele wenye ngazi pana za kukalia, na vyumba vya faragha viko nyuma.

Nyumba ile haikumfukuza mgeni, wala haikumfunulia kila kitu. Ilimpa kivuli, kahawa na mazungumzo, na ikalinda stara ya wenyewe. Sisi tunasema kwamba mji mzima unaweza kupangwa hivyo hivyo. Yapo mambo ya barazani: historia, magofu, ufundi wa kujenga mashua, kusuka ukili, chakula chetu, hadithi na mashairi yetu. Haya tuyaonyeshe kwa furaha, na anayefanya kazi hiyo alipwe haki yake bila kuona haya. Yapo mambo ya ndani: swala zetu, maziko yetu, wanawake wetu katika shughuli zao, watoto wetu chuoni. Hayo si ya kupigwa picha kwa shilingi elfu moja. Na mstari kati ya baraza na ndani usichorwe na mtalii, wala kampuni inayomleta. Uchorwe na wenye mji.

Ipo tofauti kubwa kati ya mila inayoishi na mila inayochezwa. Tazama Maulidi ya Lamu, yaliyoenea kutokana na juhudi za Habib Saleh na Msikiti wa Riyadha tangu mwishoni mwa karne ya 19. Waumini huja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na watalii nao huja kutazama. Lakini hata asipofika mtalii hata mmoja, Maulidi yatasomwa, kwa sababu yanasomwa kwa ajili ya mapenzi ya Mtume (S.A.W.). Hicho ndicho kipimo tunachowapa vijana wetu. Jiulize juu ya kila mila: je, mgeni asipokuja, tutaifanya? Ikiwa jibu ni hapana, basi imeshakufa, na tunachoonyesha ni sanda yake.

Magofu yana wenyewe

Wengi wakisikia Kilwa hufikiria magofu tu. Mwaka 1981 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yanakula ufuko, na mvua na mizizi ya miti vinabomoa kuta. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari, baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi.

Kazi hiyo haikuwa ya wataalamu wa nje peke yao. Kuta za Kilwa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo zikizibwa kwa saruji hushika unyevu na kuharibika zaidi. Zinahitaji chokaa ya kuchomwa kwa kuni, kama walivyochoma wazee. Ufuko unahitaji mikoko. Mikono ya kufanya hayo ni mikono ya wanakijiji. Fundi wa chokaa ambaye mwanawe anamwona mtu wa kizamani ndiye mwenye elimu inayousimamisha Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao sehemu yake ya kale zaidi ina umri wa karibu miaka 900 au zaidi. Siku elimu hiyo itakapozikwa pamoja na mzee wa mwisho, fedha zote za dunia zitanunua saruji tu.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, na tunaomba wazazi watusikilize. Mtoto anapoona kwamba kumfuata mgeni na kunyoosha mkono kunalipa zaidi kuliko kukaa kwenye mkeka wa chuo, ataacha chuo. Kesho atakuwa papasi, anayesimulia historia ya babu zake kwa maneno aliyoyaokota njiani, nusu kweli na nusu kichekesho. Na mgeni aliyetoka mbali kutafuta watu wenye utamaduni wao atamkuta kijana anayeona haya kuwa Mswahili. Wote wawili wamekula hasara. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa huu hauhitaji minyororo.

Tufanye nini?

Kwanza, tujifunze habari zetu. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kwenda kusini haingoji tena kivuko cha mtoni. Kila mwaka madrasa nyingi hupanga ziara. Badala ya kwenda ufukweni kuogelea tu, tuwapeleke wanafunzi Kilwa, na walio kaskazini waende Pate na Siyu, mji uliosifika kwa wanavyuoni wake katika karne ya 19. Wakafanye mambo matatu: wasome historia kabla ya kwenda, wawazuru wazee wa hapo, na wakirudi waandike. Haifai mtoto wa pwani asikie jina la Ibn Battuta kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtalii.

Pili, mgeni awe na mwenyeji. Vijiji vyetu vina wazee, kamati za misikiti na serikali za vijiji. Wakae wakubaliane: mgeni apokewe na nani, apite wapi, avae vipi, apige picha gani, na anachokitoa kiende wapi. Kijiji kikijua kwamba fedha za wageni zimechimba kisima au kuezeka chuo, kila mtu atamlinda mgeni. Fedha zikiishia katika mifuko miwili mitatu, mgeni atakuwa sababu ya fitina.

Tatu, tusione haya kusema. Mgeni akielezwa kwa upole kwamba hapa viatu huvuliwa, au kwamba wanawake hawa hawapendi kupigwa picha, mara nyingi hushukuru. Amekuja kujifunza desturi, na hiyo ndiyo desturi yenyewe. Anayenyamaza leo kwa kuogopa kumuudhi mgeni, kesho humchukia mgeni huyo huyo kwa kosa ambalo hakuambiwa.

Nne, sisi nasi tuwe wageni wema. Familia zetu husafiri, kwenda harusini, kwenda kuzuru, kwenda matembezini. Tukifika Siyu au Songo Mnara tusiingie magofu kama tunaingia sokoni, tusichonge majina yetu ukutani, tusikanyage makaburi. Tutangulize salamu, tununue kwa wenyeji, tusidharau lahaja yao wala chakula chao. Tukitaka wengine watubishie hodi, nasi tubishe.

Tunamalizia kwa kuwausia wanafunzi wetu. Vijana wale wa Makdishu waliovuka maji na sahani zilizofunikwa walikuwa rika lenu au wakubwa kidogo. Hawakwenda kuomba, walikwenda kutoa, na kwa kutoa kwao wakawa wenye mgeni na wenye mji. Nanyi mkitaka kuwa wenyeji wa miji yenu, anzeni kwa kuijua, maana asiyejua kilichomo nyumbani mwake hana cha kumkaribishia mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakarimu bila kujidhalilisha, na wenye haya bila uchoyo. Amin.